Mtoto wa pekee China: abaki mjini au arudi kwa wazazi?

Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu tangu 1980 hadi 2015, imewaachia China watu wazima wengi wasio na ndugu wa kusaidiana naye kulea wazazi wazee.

Kwa kipato, mji mkubwa kama Shenzhen au Shanghai unashinda wazi. Mshahara wa huko ndio unaolipia dawa na msaidizi wa nyumbani, maana pensheni ya mzazi mkulima kijijini ni ndogo mno. Lakini mzee akianguka bafuni usiku, pesa haimwinui. Hapo aliye karibu hana mpinzani. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inawataka watoto walio mbali wawatembelee wazazi mara kwa mara. Mimi naiunga mkono, ingawa kutembelea si kuuguza.

Kuwahamishia wazazi mjini? Usajili wa makazi, hukou, huwabana: wakitibiwa mbali na kwao walikosajiliwa, bima mara nyingi hurejesha kidogo.

Kwa uhuru, mji unashinda tena, hasa kwa binti anayeulizwa habari za ndoa kila mlo.

Wazazi wakiwa bado na nguvu, ningebaki na kutuma pesa. Mmoja akipooza na mwenzake hawezi kumgeuza kitandani, ningerudi, hata kwa mshahara mdogo.