Corolla ya zamani: nilibaki na injini yake, nikaifanyia ovahoo Gerezani

Corolla yangu ni AE100, injini 5A-FE ya cc 1498. Ilipoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, karibu kila mtu aliniambia niitupe injini hiyo, nichukue ya mtumba ya Japani kule Shauri Moyo, Dar es Salaam. Si ushauri mbaya. Zinapatikana, na kufunga injini nzima ni kazi ya haraka kuliko ovahoo, yaani kuifungua yako na kubadilisha vilivyolika. Ila ile injini iko chini dukani, imepanguswa ikang'aa, na ringi zake, zile pete za pistoni zinazoziba mwanya kwenye silinda, hakuna aliyeziona.

Gereji niliyoipata Gerezani naisifu kwa jambo moja kubwa: fundi alikataa kutaja bei kabla ya kupima. Alitoa plagi zote, akapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda moja moja. Ya tatu ilikuwa chini sana kuliko zenzake. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena, mshale ukapanda. "Hizi ni ringi, kaka," akasema. Oili ilikuwa imeziba mwanya kwa muda. Mshale ungebaki palepale, tungeanza kushuku vali au gasketi ya hedi. Kipimo hicho hakichukui hata saa nzima, na bado kuna watu mji huu wanauziwa injini nzima kwa sababu ya ringi!

Injini ilipofunguliwa, bloku haikuwa na ufa. Silinda zilikuwa zimelika tu. Zikachongwa ziingie pistoni za saizi 50, yaani kipenyo kiliongezeka nusu milimita juu ya kile cha kiwandani, milimita 78.7. Ringi, beringi, sili za vali na gasketi, vyote vipya.

Kwa bei, ukijumlisha vipuri, kuchonga na ufundi, haikupishana sana na injini ya mtumba. Mimi nililipia kujua kilichomo ndani. Halafu namba ya injini kwenye kadi ya gari haikuguswa.

Kasoro ipo: ahadi za "kesho" zilikuwa nyingi mno, na mwenye gari moja tu anaumia. Vipuri pia kavinunue mwenyewe Kariakoo, ukiwa na pistoni ya zamani mkononi ya kulinganishia.

Nilimwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 1,000, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Sasa natoka Kimara hadi Posta kwenye foleni ya Morogoro Road na geji ya joto haitikisiki.

Jirani yangu ana Mark II GX100, konrodi (mkono unaoshika pistoni) ilikatika ikatoboa bloku. Huyo nilimwambia anunue ya mtumba bila kusita, adai kuisikia ikiwashwa kabla ya kulipa, achukue risiti yenye namba ya injini, kisha aende TRA wakabadilishe kumbukumbu.