Firecracker kwenye kompyuta ya GB 8, hapa Mwanga

Nafundisha vijana kuendesha seva za Linux, chumba kimoja hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta yenye nguvu ni moja, RAM yake GB 8, na vijana ni 12. Kila mmoja anahitaji mashine pepe yake, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, ya kuharibu na kutengeneza. Programu niliyoanza nayo ilimudu mashine tatu. Nikiwasha ya nne, zote zinaganda. Vijana tisa wanabaki kuchungulia begani kwa wenzao.

Huu ni mwezi wa nne natumia Firecracker, programu huria ya kuendesha mashine pepe ambayo Amazon waliitoa mwaka 2018. Imeandikwa kwa lugha ya Rust na inategemea KVM, sehemu ya Linux inayowezesha mashine pepe. Nimempa kila kijana MB 256, wote 12 wanafanya kazi kwa pamoja, na kompyuta inapumua. Umeme ukikatika na kurudi, mashine zote zinawaka tena kabla vijana hawajakaa vizuri.

Ninachoipendea hasa ni vile ilivyoviacha. Haina kioo, haina sauti, haina USB. Ina mtandao, diski, njia ya maandishi, na kibodi ambayo kazi yake ni kuzima mashine tu! Kila kifaa cha kuigiza ni tundu ambalo aliyemo ndani anaweza kulitumia kutorokea kwenye kompyuta mama, kwa hiyo matundu yamepunguzwa. Halafu kuna jailer, inayoifungia Firecracker yenyewe kwenye uzio wake, na seccomp inayokataa maombi yasiyo ya lazima kwa kerneli, kiini cha Linux. Mwizi akiruka ukuta wa kwanza anakutana na wa pili. Tafadhali, usiiendeshe bila jailer, hata kwa majaribio. Vijana huzoea wanachokiona.

Kwenye mtandao jiandae kutoka jasho. Unatengeneza tap (kadi ya mtandao ya kuigiza) mwenyewe, unaandika mwenyewe kanuni za iptables za kupitisha mawasiliano. Mimi zilinichukua jioni mbili. Kerneli ya mashine pepe nayo, kwa prosesa za Intel na AMD, inatakiwa iwe vmlinux, yaani faili la kerneli lisilobanwa. Nilikuwa naipa Firecracker iliyobanwa, inakataa, nami nikadhani faili ni bovu.

Anayetaka Windows au madirisha ya kubofya atafute kitu kingine.

Kabla hujapakua, angalia kama /dev/kvm, mlango wa kuifikia KVM, ipo. Kwangu haikuwepo mpaka nilipoingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka) nikawasha VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe.