Feni ya shingoni: nimeipandisha Lindos saa sita mchana, jua la mwezi wa saba

Haya wapendwa, mambo vipi. Hili dude mnaloliona shingoni sio hedifoni zimeteleza, ni feni. Mliniuliza sana kama hizi feni za shingoni zinafanya kazi kweli au ni urembo tu, nikasema siijaribu sebuleni, naenda nayo Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, mwezi wa saba, huko hakuna kudanganyana.

Asubuhi nimeanza mji wa zamani, ule uliozungushiwa ukuta, ambao wale Wakristo watawa wapiganaji waliushika kuanzia 1309 mpaka Sultani Suleiman wa Waturuki akawatoa 1522. Majengo ya mawe, vichochoro vyembamba, kivuli kipo. Hapo feni spidi ya kwanza raha mstarehe, na haili nywele maana haina mapanga ya nje, mwenye rasta usiogope. Sauti spidi ya kwanza huisikii kabisa, ya tatu ni kama nzi kafungiwa kwenye chupa.

Kosa langu ni basi. Lindos iko kama kilomita 50 kutoka mjini, mimi nikazubaa na kahawa ya barafu, nikafika saa sita kasoro, saa ambayo wenyeji wenyewe wako ndani madirisha yamefungwa. Lindos ni kijiji cheupe pee chini, halafu juu yake jiwe kubwa, na juu ya jiwe ndio kuna hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, mita 116 juu ya usawa wa bahari, ngazi na ngazi, mti hakuna. Simu inasema nyuzi 38.

Kuna punda wanapandisha watalii, na serikali ya Ugiriki ilishatoa agizo 2018 kwamba punda asibebeshwe zaidi ya kilo 100. Mimi na begi langu hatukuwa na uhakika tuko upande gani wa hiyo mia, nikapanda kwa miguu.

Sasa sikilizeni hapa ndio penyewe. Nikaweka spidi ya tatu, na yani jamani, ni draya ya saluni! Inanipulizia moto shingoni. Nikasimama nikaizima, nikaona afadhali. Na ukifikiria ni kweli, feni haina gesi kama AC, inachukua hewa iliyopo inakupa hiyohiyo, na hewa ikishapita nyuzi 35 hivi ina moto kuliko ngozi yako. Wauzaji hilo hawakwambii, kwenye boksi wamechora barafu.

Nikakumbuka nina khanga kwenye begi, nilibeba ya kukalia ufukweni. Nikaimwagia nusu chupa ya maji, nikaikamua kidogo, nikaikunja nikaizungusha shingoni, feni nikaivalisha juu yake na vile vitundu vinaelekea kwenye kitambaa kilicholowa. Wee! Ndani ya dakika moja shingo imepoa mpaka nikasisimka, maji yakikauka yanaondoka na joto na feni inayaharakisha. Nikawa nailowesha tena kila baada ya robo saa, maana hewa ya kule kavu, khanga inakauka unaiona. Ndio maana nawaambia watu wangu wa Dar na Mombasa, msije mkadhani mtapata hiki mwezi wa pili na ule unyevunyevu wetu, jasho lenyewe halikauki, khanga itakauka saa ngapi?

Kabla ya ngazi za mwisho kuna tezi, yani sehemu ya nyuma, ya meli ya kivita imechongwa kwenye mwamba, ina zaidi ya miaka 2,000, nimeitoa kamera niichukue vizuri ndio hapohapo taa ya betri ya feni ikawa nyekundu. Boksi limeandika masaa 8, mimi nimepata matatu hayajatimia, sehemu kubwa spidi ya kwanza. Nikatoa powabenki, ikawa ya moto huwezi kuishika, na simu nayo imeandika imezidiwa na joto haichaji. Basi nikamalizia kupanda na khanga peke yake. Kule juu nguzo chache zimebaki, chini ghuba ya Mtakatifu Paulo maji ya buluu mpaka unahisi kiu, na upepo wa bahari unapiga bure, hauhitaji chaja.

Kwa hiyo kwa yuro 25, kama unaishi au unakuja Ulaya hii ya joto kavu, nunua, ila usiitoe nje bila kitambaa na maji, na kama una mzee au mtoto usimtegemeze kwenye feni, mtafutie kivuli, panda asubuhi mapema au rudi jioni. Joto likizidi sana hata serikali inafunga maeneo haya mchana, Akropoli ya Athens, kile kilima cha mahekalu ya kale, ilifungwa hivyo Julai 2023.

Jioni nimerudi mjini Rhodes, nimekaa bandarini Mandraki, feni nimeitundika nje ya begi, khanga bado shingoni imelowa. Mama anayeuza maji akaniuliza nimenunua wapi. Nikamtolea feni, akatikisa kichwa, akashika pindo la khanga.