DO-1 ya kuonyesha p53 ya binadamu: uzoefu wangu

Anayetafuta kingamwili ya kuonyesha p53 ya binadamu (protini inayozuia saratani) kwenye westani bloti, yaani njia ya kutenganisha protini kwenye jeli kisha kuzitambua kwa kingamwili, mimi namwambia anunue DO-1, ila asiidai kazi isiyo yake. Tunaitumia hapa maabara kwetu Nairobi kwenye seli za saratani, na kwa bloti ya kawaida haijaniangusha.

Ni monokloni ya panya, yaani kingamwili inayotoka kwenye ukoo (kloni) mmoja wa seli, ya kundi la IgG2a, iliyoelezwa mwaka 1992 na Bořivoj Vojtěšek, David Lane na wenzao. Siku hizi kampuni nyingi zinaiuza, kwa hiyo tazama jina la kloni kwanza, nembo baadaye. Mimi huizimua 1:1000 kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, nikailaza usiku kucha kwenye nyuzi 4. Seli za saratani ya matiti za MCF-7 zilizotiwa doksorubisini, dawa inayojeruhi DNA na kuipandisha p53, hutoa mstari mmoja mnene kwenye kilodaltoni 53; zisizotiwa dawa, mstari hafifu; na seli za saratani ya mapafu za H1299, ambazo hazina p53 kabisa, hazitoi kitu. Huo utupu wa H1299 ndio ulionifanya niiamini. Kingamwili inayotoa mstari mzuri kila mahali, hata pasipo na protini, ni hasara tupu.

Wanafunzi wapya huuliza mbona ukihesabu uzito wa amino asidi 393 za p53 unapata kama kilodaltoni 44 tu. Kuna eneo lenye prolini nyingi linaloichelewesha kwenye jeli. Kingamwili haina kosa. Vilevile seli za HeLa, za saratani ya shingo ya kizazi, zisikutie wasiwasi. Zimebeba jeni za virusi vya HPV 18, na protini ya virusi hivyo iitwayo E6 huifanya p53 ivunjwe upesi, basi tegemea mstari hafifu wa kukodolea macho.

Sasa mipaka yake. DO-1 hushika amino asidi za 20 hadi 25 za p53, na MDM2, protini ya seli inayoidhibiti p53, nayo hujishikiza papo hapo. Ukitaka kuivuta p53 (kuitoa kwenye sampuli kwa kingamwili) ikiwa imeshikana na MDM2, umechagua chombo kibaya: p53 iliyokwisha shikwa na MDM2 haina nafasi ya DO-1. Serini, amino asidi ya 20, ikishatiwa fosfeti pia, kama inavyotokea DNA ikijeruhiwa, DO-1 hukosa pa kushika vizuri, jambo la kukumbuka kwa sisi tunaojeruhi DNA makusudi na kisha kupima nguvu ya mstari. Aina fupi za p53 zilizokosa mwanzo wa protini haizioni, na p53 ya panya haiioni.

Lakini kilichonisumbua kuliko yote ni uvimbe wa binadamu uliopandikizwa kwa panya. Kingamwili ya pili, iliyotengenezwa kushika IgG ya panya, inaikuta IgG (kingamwili za damuni) ya mnyama mwenyewe imejaa kwenye sampuli. Mnyororo mzito, kipande kikubwa cha IgG hiyo, una kilodaltoni 50 hivi, yaani unatua karibu kabisa na p53, na unapata doa kubwa jeusi lisilosomeka. Shida ni ileile ukivuta p53 kwa kingamwili ya panya kisha ukaitafuta tena kwa DO-1. Dawa yake ni kununua DO-1 iliyokwisha unganishwa na HRP, kimeng'enya kinachotoa ishara ya mstari, ukaachana na kingamwili ya pili. Inagharimu zaidi, na usiitie sodiamu azidi, kihifadhi cha kuzuia vijidudu, hata chembe, maana azidi huzuia HRP kufanya kazi.

Bei inauma, sitaficha. Wakala aliyetuletea naye alitufikishia boksi lenye barafu iliyokwisha kuwa maji. Tukaijaribu kwa MCF-7 na H1299 kabla ya kusaini kupokea mzigo, ikatoka salama. Wa kwetu huku msisaini kwa kuangalia boksi tu. Ile isiyounganishwa naihifadhi kwenye friji, si kwenye friza, na iliyokwisha zimuliwa kwa maziwa siirudii, maana huchacha. Nikitaka kuirudia naizimua kwa albumini ya ng'ombe yenye azidi kidogo, halafu nausuuza vizuri utando wa bloti kabla ya kuweka kingamwili ya pili.