Kijitabu cha ini na pombe pamoja na vipindi vya nesi: nyota 4 kati ya 5

Kaka yangu ana ugonjwa wa ini wa pombe, na kliniki walimpa kijitabu halafu wakampangia vipindi vya elimu na nesi, mimi nikawa naingia naye.

Vipindi viko poa sana jamani. Kwanza hawamsimangi mtu. Nesi alimpa glasi na chupa ya maji akamwambia haya mimina kama unavyojimiminiaga pombe kali nyumbani, kaka akamimina, nesi akaihamishia kwenye kikombe cha vipimo, kumbe ile anayoiita "moja" ni karibu tatu, kaka mwenyewe akabaki anacheka. Na ile hadithi ya "mi nakunywa bia tu" ikafia hapohapo, maana ini linapambana na alkoholi, haliangalii imetoka chupa gani.

Dawa za kusaidia mtu kuacha pombe nazo zimeelezwa vizuri, sio mtu anapewa kidonge tu na kuambiwa kunywa. Disalfiramu inaweza kuliumiza ini, kwa hiyo ini likishachakaa madaktari huwa wanaikwepa, akamproseti haivunjwivunjwi na ini, inatolewa na figo ndo maana wanapima figo kwanza, na baklofeni imeshafanyiwa utafiti kwa watu wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Pia nimejifunza kwamba majibu ya damu yanaweza kusoma sawa na huku ini lina makovu, hapo nilishtuka kidogo.

Sasa nyota moja nimeikata kwa sababu ya kijitabu. Onyo la kuacha ghafla wameliweka ukurasa wa mwisho kabisa, maandishi madogo, chini ya namba za simu!! Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikata siku moja anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata degedege, kuona vitu ambavyo havipo, na wengine wanakufa kabisa. Sasa mgonjwa akisoma kurasa zote za kutisha kuhusu ini si ataamua anaacha leoleo, peke yake, chumbani? Hilo lilitakiwa liwe ukurasa wa kwanza, kwamba kuacha ni lazima ila panga na daktari kwanza. Nesi alilisema mapema, ila anayeondoka na kijitabu tu halijui.

Ukienda beba dawa zako zote unazotumia, na mitishamba pia, watakuuliza.