Yamaha MG12XU: miksa ya kumwachia mwanafunzi

Kabla ya kuhesabu chaneli, shule iamue kwanza ni nani atakayeigusa miksa usiku wa onyesho: mwanafunzi wa chama cha maigizo, au fundi mitambo aliyekodiwa pamoja na spika zake. Kama ni mwanafunzi, MG12XU inafaa, na kinachoifanya ifae ni swichi ya ON iliyo kwenye kila chaneli. Mwigizaji akiwa nyuma ya pazia taa ya swichi ya chaneli yake imezimwa. Akikaribia kuingia, inawashwa. Mlezi hana haja ya kuuliza, anatazama tu. MG10XU ni ndogo zaidi lakini haina swichi hizo wala vitelezi vya kusukuma juu na chini, ni vifundo vya kuzungusha tu, na gizani vifundo vinachosha.

Mikrofoni zinazoingia ni 6. Kompresa, inayobana sauti zinazopanda ghafla, iko chaneli 1 hadi 4 pekee, kwa hiyo waigizaji wakuu, hasa wanaopiga kelele, wakae humo. Chaneli za 9 hadi 12 ni za muziki wa simu au kompyuta.

Fundi wa nje aje siku ya mazoezi ya mwisho, si saa moja kabla ya pazia kufunguliwa. Kazi yake ni spika, umeme na geini, yaani kifundo cha nguvu ya sauti inayoingia kutoka mikrofoni. Mwigizaji aseme sentensi yake ya juu kabisa, kitufe cha PFL kibonyezwe ili taa za kipimo zionyeshe chaneli yake peke yake, geini ipandishwe hadi taa zicheze karibu na 0. Kisha mwanafunzi abandike chini ya vitelezi utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, aandike jina la mhusika, na apige picha ya miksa nzima. Picha hiyo ni lazima: miksa hii ni ya analogi, haihifadhi mipangilio, na ukumbi ukikodishwa kwa harusi Jumamosi kila kifundo kitakuwa kimehama.

Kuanzia hapo geini haiguswi na mtu. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mwanafunzi huanzia hapa: spika ikipiga mluzi, mmoja hushusha kitelezi, mwingine hushusha geini, na tukio linalofuata halisikiki kabisa. Mluzi wenyewe kwa kawaida hutokana na mikrofoni 4 zilizoachwa wazi bila mtu kusema. Dawa ni kuzizima kwa swichi ya ON.

Kasoro zipo. Umeme wa volti 48, ambao baadhi ya mikrofoni huuhitaji, una swichi moja kwa mikrofoni zote, na ukiubonyeza sauti ikiwa juu spika hupiga kishindo. Teremsha kitelezi kikuu kwanza. Athari 24 za sauti ni kishawishi: mwanafunzi akiachiwa, msiba jukwaani unapata mwangwi wa MC wa harusi. Izimeni.

Miksa za kidijitali zinazoendeshwa kwa tableti huhifadhi mipangilio, ndiyo, ila mwenye nenosiri la Wi-Fi anaweza kuingilia kutoka popote ukumbini, na hutajua ni nani aliyeshusha sauti.

Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima: kinyume chake. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, mwanafunzi wa pili azime spika mara moja, asisubiri urudi.