Katuni za watoto: zipi nawawekea na zipi nazima

Jamani wazazi wenzangu wa Mbeya naomba tuongee kuhusu hizi katuni, maana baridi imeshaingia na wote tunajua kinachofuata. Huku Uyole mwezi wa sita na wa saba asubuhi hata mtu mzima hatamani kutoka nje, sasa mtoto utamtoa aende wapi na ule upepo, kwa hiyo anavalishwa sweta na soksi anawekwa sebuleni, tivii inawashwa, sisi tunaendelea na shughuli. Mimi nalea watoto wa wenzangu mchana, wapo wa miaka miwili mpaka wale wanaokaribia kuanza darasa la kwanza, na wanangu nao wamo humo humo, kwa hiyo hizi katuni naziangalia pamoja nao na naona wanavyokuwa zikiisha. Kitu kuchorwa haimaanishi kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu. Sisi tukiona tu mnyama anaongea tunasema aa hiyo ya watoto, tunaingia jikoni, hatujui hata anaongea nini.

Naanza na ile ninayoikubali kabisa, Akili and Me. Hii ni ya hapa hapa Tanzania, inatengenezwa na Ubongo, shirika la Dar es Salaam, na wameilenga kwa watoto wa miaka 3 mpaka 6. Akili mwenyewe ni binti wa miaka minne anaishi na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro, akilala usiku anaingia kwenye nchi ya ndotoni inaitwa Lala Land na huko ana marafiki wanyama, wanajifunza herufi, namba, maumbo, wakati mwingine wanaongelea hasira na woga. Kinachonifanya niipende zaidi ya zote ni kwamba inamsubiri mtoto. Akili anauliza kitu afu ananyamaza, anatazama mbele, na watoto wangu wote wanapiga kelele kujibu, hata yule mdogo ambaye bado hasemi vizuri anajibu kwa lugha yake anayoijua mwenyewe. Ikiisha nawamwagia vizibo vya soda kwenye mkeka, wanahesabu wakiimba ule ule wimbo, wakifika saba wanaruka wanaenda tisa, wanarudia. Yani kilichokuwa kwenye tivii kinashuka kinakuja mkekani, na mimi sijaona katuni nyingine inayofanya hivyo kwa watoto wa umri huu. Na kuna utafiti ulifanyika Morogoro kwa watoto wa umri huo huo, walioonyeshwa Akili and Me walipata afadhali kwenye vitu kama namba na maumbo kuliko wenzao walioonyeshwa kitu kingine, sikushangaa hata kidogo.

Angalizo ni kwamba ipo ya Kiswahili na ipo ya Kiingereza, wengine wanakimbilia ya Kiingereza wakidhani mtoto atawahi, mimi nasema kwa mtoto wa miaka mitatu weka ya Kiswahili kwanza aelewe anachoulizwa, Kiingereza kitakuja. Na mtoto akishafika miaka sita saba inaanza kumchosha, hapo mpeleke kwenye Ubongo Kids ambayo ni ya hao hao, ilianza mwaka 2014 TBC1, ina kina Kiduchu na Koba na Ngedere, wanatatua mambo kwa hesabu na sayansi na nyimbo zake watoto wanazishika haraka sana. Ila usimwekee wa miaka mitatu ukadhani anajifunza, yeye pale anamcheka Ngedere tu, hesabu zenyewe ni za watoto wa shule. Haina ubaya, ila haimfai bado.

Sasa Tom and Jerry. Najua hapa nitagusa watu, maana hii kila nyumba ipo, hata mababu wanacheka nayo. Ile kitu ilianza mwaka 1940 Marekani, ilikuwa inaonyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa kuanza, watu wazima na watoto wamekaa pamoja wanacheka, haikuandaliwa kwa ajili ya mtoto mdogo akae peke yake saa nzima. Ukiitazama kwa makini, paka anapigwa kikaango usoni, analipuliwa, anabanwa mlango, meno yanamwagika, sekunde tatu mbele mzima kabisa anakimbia. Mimi na wewe tunajua ni uongo. Mtoto wa miaka mitatu minne hajui, na hili sisemi kwa kukisia. Kuna mtoto hapa kwangu, mpole tu, siku moja asubuhi baada ya kutoka nyumbani kwao ambako huwa wanamwachia Tom and Jerry tangu anapoamka, alichukua mwiko akampiga mwenzie kichwani, afu hakukimbia, alisimama pale pale anamtazama, anamsubiri ainuke wacheke. Mwenzie analia damu inatoka juu ya jicho na huyu uso wake umejaa mshangao, haelewi kwanini hainuki kama Tom. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, alikuwa anacheza anachokijua.

Na siyo ngumi tu, kuna sehemu paka anavuta sigara ili kumvutia paka jike. Uingereza mwaka 2006 mtazamaji mmoja alilalamika kwa Ofcom, ile mamlaka yao ya utangazaji, na chaneli iliyokuwa inazirusha ikakubali kupitia zile za zamani na kukata vipande vya sigara vilivyoonekana kama vinasifia uvutaji. Mtu mmoja tu alilalamika ikafanyiwa kazi. Kwangu mimi hii ni ya miaka saba kwenda juu na mkubwa awepo.

SpongeBob, ile ya sponji la njano linaloishi baharini, naiweka kundi tofauti kwa sababu tatizo lake siyo kupigana, tatizo ni kasi. Picha inabadilika kabla mtoto hajaimaliza ile ya kwanza, kelele, rangi, kicheko, wapo baharini mara wapo jikoni mara kimelipuka kitu. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Virginia huko Marekani walichukua watoto 60 wa miaka minne, wengine wakaonyeshwa hii kwa dakika tisa tu, wengine wakaonyeshwa katuni ya taratibu, wengine wakapewa karatasi na kalamu wachore, afu wote wakapewa vijaribio vya kutulia na kufuata maelekezo. Waliotazama ile ya kasi walifanya vibaya kuliko wenzao. Dakika tisa! Na wenye chaneli walipoulizwa wakajibu kwamba kipindi chao hakikutengenezwa kwa watoto wa miaka minne, ni cha miaka 6 mpaka 11. Sasa kama wenyewe waliotengeneza wanasema siyo ya umri huo sisi huku tunabishana na nani? Mimi hapa naona kwenye uji. Wakitoka kwa Akili nikiita uji wanakuja, wanagombania kiti, mambo ya kawaida ya watoto. Wakitoka kwenye hizi za kasi naita jina mtoto ananitazama kama sipo, akija kijiko kinarushwa, kikombe kinamwagika, inachukua muda mpaka watulie. Mwanzo nilidhani ni njaa, ila uji ni ule ule na saa ni ile ile.

CocoMelon nayo, hizi nyimbo za watoto wanazowekea hata vichanga kwenye simu. Maneno yake hayana shida, kuoga, kupiga mswaki, kula mboga, vizuri tu. Shida mimi naona ni vile mtoto anavyoganda. Mtoto anayeimba na wewe anapiga makofi, anakutazama mdomo, huyu wa kwenye simu hatazami mtu, na ukiichukua simu ni kilio ambacho jirani wa nyumba ya tatu anasikia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe kabisa mbele ya kioo, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni vizuri zaidi. Saa moja siku nzima, na hapo tunahesabu ya simu na ya tivii kwa pamoja. Wengi wetu hiyo saa moja inaisha kabla ya chai.

Peppa Pig ni ya Uingereza, ilianza 2004, vipande vyake vya dakika tano tano, taratibu, familia inakula pamoja, baba yupo nyumbani, mimi naipa alama nzuri. Peppa ana kamdomo kidogo kwa baba yake, anamcheka kitambi na wakati mwingine hakemewi, hapo mimi huwa nasema palepale, hivyo kwa baba hatusemi. Wazazi Waislamu hapa kwangu walisema hawapendi watoto wao wakae na nguruwe kwenye tivii, nikaiondoa siku wanazokuwepo, wala haikuwa mjadala. Kuna kipande kimoja cha Peppa kinawaambia watoto buibui hana madhara wasimwogope, Australia wakakiondoa hewani mwaka 2012 kwa sababu kule kwao wapo buibui wenye sumu ya kuua mtu. Hilo lilinifundisha kwamba hata katuni nzuri inaweza kuwa imetengenezwa kwa nyumba ambayo siyo yangu. Sisi huku mtoto anacheza kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba, nyoka wapo, sitaki katuni imwambie nyoka ni rafiki anavaa kofia. Masha and the Bear ya Urusi inachekesha na picha zake nzuri, ila yule mtoto anavunja kila kitu na dubu wa watu ndio anafagia na kutengeneza, nawawekea wakubwa tu ambao naweza kuwauliza Masha amefanya nini hapo na angetakiwa afanye nini.

Sasa nije kwenye lililonisukuma hasa niandike, katuni za kwenye flashi. Mnajua wote, unaenda laibrari unasema niwekee katuni za watoto, kijana anajaza flashi unalipa unaondoka. Mzazi mmoja wa hapa kwangu aliwekewa hivyo hivyo mjini, jina la duka silitaji, na zilikuwa zimetafsiriwa na dijei. Kwa wasiozijua, dijei anaongea juu ya picha, anasema anachotaka, maana lengo ni watu wazima wacheke. Katuni yenyewe asili yake ni safi kabisa, ila yule jamaa ameweka matusi, ameweka habari za michepuko na pombe kwenye midomo ya wanyama wa msituni. Bibi yake huyo mtoto alikuja kutoka Tukuyu kuwasalimia, mtoto badala ya shikamoo akamwambia, "Wewe kizee tulia hivyo hivyo nikupasue." Bibi aliweka mfuko wake wa ndizi chini taratibu, akamwita karibu, akamuuliza, "Mjukuu wangu, hayo maneno umeyatoa wapi?" Mtoto akajibu kwa furaha kabisa, "Kwenye katuni bibi, sungura ndio anasema." Mama yake alitamani ardhi ipasuke. Na yule mtoto hana kosa hata chembe, alikuwa anamfurahisha bibi yake kwa kitu kipya alichojifunza.

Hii mimi naona ni mbaya kuliko Tom and Jerry kwa mbali, maana Tom haongei, huyu anaongea Kiswahili chetu, mtoto anaelewa kila neno. Wenye laibrari nawaomba kwa heshima, mtu akisema ni za watoto msimpe zilizowekewa sauti ya dijei, mwekeeni hata za lugha asiyoielewa ni afadhali. Na mzazi ukipewa flashi kaa nayo usiku watoto wamelala, fungua moja moja ruka ruka katikati, hizi kelele za dijei huwa hazianzi dakika ya kwanza.

Kwenye YouTube nako msiamini picha ya nje. Mwaka 2017 ilijulikana kuna video nyingi sana zilizotengenezwa na watu wengine zikitumia sura za Peppa na Elsa na Spiderman, ndani yake kuna sindano, damu, mambo ya kutisha watoto, na YouTube wakafungia chaneli kibao. Kwa hiyo zima ile sehemu ya video kujiendeleza yenyewe, maana unaanza na Akili unaenda kuanua nguo unarudi unakuta kitu hukukichagua. Mimi napakua episodi usiku nikiwa na bando la usiku, mchana data nazima kabisa, kinachochezwa ni kile nilichokitazama mimi mwenyewe. Visimbuzi vingi navyo vina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri, fundi anayekuja kufunga dishi mwambie akuonyeshe kabla hujamlipa, na dada wa kazi aelekezwe pia, tena kwa upole, maana yeye ndiye anashinda na rimoti mkononi na mara nyingi hakuna mtu amewahi kumwambia lolote zaidi ya "wawekee watoto katuni."